Laki Moja ya Uongo

Ami alikuwa na daftari la jalada gumu lililokaa pembeni ya simu, pale mapokezi. Kila simu iliyotoka katika nyumba ile iliandikwa humo: saa ngapi, nani kapiga, dakika ngapi. Ilikuwa nyumba ya wageni ya vyumba tisa, Malindi ya Unguja, karibu na bandari kiasi kwamba meli ikipiga honi alfajiri vioo vya madirisha hutetemeka. Mwaka 2002 ami alinunua kompyuta ili wageni waweze kuagiza vyumba kwa barua pepe, na siku ileile akachora safu mpya kwenye daftari. Juu yake akaandika "Kompyuta", kama anayeandikisha mpangaji.

Baada ya miezi miwili akaniita. Kidole chake kilikuwa juu ya siku moja ya Jumatano.

"Mwanangu, hebu nambie, huyu anazungumza na nani?"

Siku hiyo mpangaji wetu alipiga simu mara 14. Barua zilizoingia zilikuwa mbili.

Nilikuwa na miaka 21. Nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, na siku nyingi za hiyo mitatu umeme ulikuwa haupo, lakini katika ukoo wetu aliyewahi kushika mausi ndiye fundi, hana pa kukimbilia. Na kitanzi nilijitia mwenyewe. Jioni barazani, kahawa mkononi, nilikuwa nikijigamba kwamba intaneti ya ami inazishinda kwa spidi kafe zote za mjini. Ushahidi nilikuwa nao. Modemu, kile kifaa cha kuiunga kompyuta na intaneti kwa kupiga simu, ilikuja na boksi lililoandikwa 56K, yaani biti 56,000 kwa sekunde, lakini kompyuta ikishaunganishwa kile kidirisha kidogo cha chini ya skrini kilionyesha 115,200. Laki moja na ushei! Kwa hesabu yangu, laini yetu ilikuwa nzuri mno hata ikazidisha boksi mara mbili.

"Yakhe," mwenzangu mmoja akaniuliza, "na laki yote hiyo, mbona mgeni wa juzi kafika kabla ya barua yake?"

Ilikuwa kweli. Bwana yule alishuka kwenye boti na begi lake mgongoni, na barua yake ya kuomba chumba ikaingia kesho yake asubuhi, wakati yeye yuko mezani anakula mkate wa kumimina.

Nilichukua muda kuelewa kwamba ile 115,200 haikuwa mwendo wa laini hata kidogo. Ulikuwa mwendo baina ya kompyuta na modemu yake, vitu viwili vinavyokaa ndani ya kasha moja. Watu wa gatini wangenifahamu upesi: ni sawa na kupima mwendo wa meli ya Pemba kwa kuwatizama wapagazi wanavyokimbia na magunia. Hata wakikimbia mbio za farasi, meli haifiki bandari ya Mkoani mapema kwa sababu yao. Namba ile inafaa iwe kubwa, usiipunguze, kwa sababu modemu huikandamiza data kabla ya kuirusha, na kwa hivyo inahitaji kulishwa upesi kuliko inavyotema. Lakini haikwambii chochote kuhusu waya uliopigiliwa misumari ukutani.

Windows 98 ilikuwa na sehemu ya modemu, na ndani yake, ukizidi kuchimba, kisanduku kitupu cha kuandikia amri za ziada. Kisanduku kile ndicho kilichonisomesha kuliko ile kozi. Modemu nyingi za zama zile zilitii lugha moja, ambayo kampuni ya Hayes ya Marekani ilianza kuitumia kwenye modemu yake ya mwaka 1981, na wengine wengi wakaiga. Kila amri huanza na herufi AT, ambazo maana yake ni "nisikilize". Halafu unafuata ufupi mkavu: D ni piga, H ni kata, Z ni rudi ulivyokuwa. Modemu yetu ilikuwa na chipu ya Conexant, na kwa chipu hiyo W2 ilikuwa na maana ya "niambie mwendo wa laini, usinitajie wa kasha". Nikaandika W2. Nikapiga.

Kidirisha kikasema 24,000.

Sikwenda barazani jioni ile.

Kabla ya hapo kulikuwa na jambo jengine ambalo nililitengeneza nikajiona bingwa, na kumbe lilikuwa ndilo dalili ya ugonjwa wenyewe. Siku ya kwanza kabisa kompyuta ilikataa kupiga simu. Ilidai hakuna mlio wa laini, nami nikiinua mkono wa simu nausikia. Mlio ulikuwepo, ila haukuwa ule modemu iliofundishwa kuutambua. Nyumba ilikuwa na swichibodi ndogo inayogawa simu za vyumbani, na mlio tuliousikia ulikuwa wa swichibodi. Dawa yake ni X3: modemu inaambiwa isisubiri mlio, ipige tu. Halafu mbele ya namba ya watoa huduma unaweka 9 ya kutokea nje na koma. Koma moja ni pumziko la sekunde mbili, la kumpa swichibodi nafasi ya kutafuta laini. Ikaitika. Nilifurahi, nikafunga kasha, na sikujiuliza hiyo swichibodi inafanya nini baada ya kuitika.

Aliyejiuliza ni mzee mmoja wa Kikwajuni, mstaafu wa kazi za simu, aliyekuwa akija kwa ami baada ya sala ya alasiri. Kompyuta hakuwa akiijali. Alipewa kikombe chake, akaketi, na siku hiyo akaisikia modemu yetu ikisalimiana na ya upande wa pili. Wanaoikumbuka sauti ile wanaikumbuka: mlio mwembamba, halafu kengele mbili tatu, halafu ule mvumo kama wa mchanga unaomwagwa juu ya bati. Yetu ilikuwa inamwaga mchanga, inanyamaza, inaanza tena, inamwaga, inanyamaza.

"Hawa wanagombana," akasema.

"Shikamoo mzee. Ndivyo zinavyosalimiana."

"Marahaba. Salamu haianzwi mara tatu, mwanangu."

Akainuka, akachukua mkono wa simu. Hakuzungumza. Alibonyeza namba moja tu, mlio ukakatika, akabaki anasikiliza kile kimya. Alikaa hivyo karibu dakika nzima, macho kayafumba. Mpaka leo sijaona kipimo cha laini kilicho rahisi kuliko kile: piga tarakimu moja ili mlio unyamaze, halafu usikilize kuna nini ndani ya ukimya. Laini nzuri ni kimya kama msikiti saa nane za usiku. Yetu ilikuwa na mvumo chini yake, na juu ya mvumo, mikwaruzo ya hapa na pale.

Aliniuliza waya wa kompyuta umetokea wapi. Nikamwonyesha: kwenye swichibodi. Akacheka. Kisha akanieleza jambo ambalo baadae nililikuta limeandikwa kwenye maelezo ya kitaalamu, ila kwa maneno magumu zaidi. Sauti yako ikitoka nyumbani inasafiri kama sauti. Ikifika kwenye kituo cha simu cha kisasa inageuzwa kuwa tarakimu. Ikifika mwisho wa safari inageuzwa tena kuwa sauti. Kila mgeuzo unaacha makombo. Mtu hayasikii makombo hayo, modemu inayasikia. Ile 56K, ambayo kiwango chake V.90 kilipitishwa mwaka 1998, inawezekana kwa sharti kwamba upande wa watoa huduma umeungwa kwa tarakimu moja kwa moja, na njiani kuna mgeuzo mmoja tu. Ukiweka swichibodi katikati, huenda umeongeza migeuzo. Modemu zinajaribu V.90, zinashindwa, zinajaribu tena, zinakata tamaa, zinashuka kwenye V.34 ya zamani, ambayo kikomo chake ni 33,600. Ndio huo ugomvi mzee aliousikia. Na wakati zinagombana, saa ya bili inakwenda.

Laini iliyokuwa haipiti swichibodi ilikuwa moja, ile ya nyumbani kwa ami, ghorofa ya juu, aliyokuwa akiitumia Bi Mkubwa. Nilimwomba ami ruhusa. Ami akanitizama kwa muda. "Muombe mwenyewe," akasema.

Niliomba. Nilipewa kwa sharti nisitoboe ukuta. Nikavuta waya kupitia ngazi, nikatoa ile 9 na koma yake, nikaiacha X3, nikapiga.

40,000.

Kama ni hadithi ya kubuni ingeishia hapo. Lakini baada ya dakika nne laini ilikatika. Nikapiga tena, 41,333, dakika sita, ikakatika. Mara ya tatu 38,667, dakika mbili. Kwenye daftari safu ya Kompyuta ikazidi kurefuka, na ami hakuwa akiangalia namba za skrini, alikuwa akiangalia safu.

Na katika wiki ile tukapata barua iliyotukaba. Wakala mmoja wa utalii alituma picha ya mega 2. Picha ikifungwa kwenye barua pepe huvimba kama theluthi moja zaidi, kwa hivyo ilikuwa inakaribia mega 2.7. Kwa mwendo wetu halisi, kilobaiti 4 kwa sekunde siku ikiwa njema, hiyo ni dakika 11 na zaidi bila kukatika, na sisi tulikuwa hatufiki dakika 11. Kwa namna programu ya barua ilivyokuwa ikifanya kazi, ikikatikia njiani inaanza barua ile upya tangu herufi ya kwanza. Basi tunaivuta mpaka robo tatu, inakatika. Tunaivuta mpaka nusu, inakatika. Na nyuma yake kuna foleni ya barua ndogondogo za watu wanaotaka vyumba, haziwezi kupita, kama daladala zilizokwama nyuma ya gari la ng'ombe Darajani. Siku ile ya simu 14 sababu yake ilikuwa hiyohiyo, barua nene, ila wakati ule sikuwa nikijua.

Hapo ndipo nilipoacha kubahatisha. Nilimwomba ami ukurasa wa mwisho wa daftari, nikachora safu zangu mwenyewe: saa, mwendo wa kuunganishwa, dakika iliyodumu, na hesabu niliyoitoa kwenye modemu. Modemu za chipu yetu zilikuwa na amri AT&V1. Ukikata simu, ukafungua ile programu ya kuzungumza na modemu moja kwa moja, ukaandika amri hiyo, inakusomea maiti: imeanza kwa mwendo gani, imemaliza kwa mwendo gani, imekufa kwa nini, na mara ngapi modemu mbili zilisimamisha kazi ili zijipange upya. Hili la mwisho ndilo lililonifumbua macho. Katika simu ya dakika sita zilijipanga upya mara tisa. Kila kujipanga ni sekunde kadhaa ambazo hakuna chochote kinachopita, na ile 40,000 ya mwanzo inakuwa imeshuka zamani. Namba ya kwenye skrini haishuki. Inabaki palepale, inakutabasamia.

Kwa hivyo nikafanya jambo ambalo wenzangu wote walilicheka. Nikaiambia modemu isiijaribu kabisa V.90. Amri ni +MS=V34. Nilikuwa na modemu ya 56, nikaifunga kamba ya 33.

Iliunganishwa kwa 31,200. Salamu ilikuwa fupi, mchanga ukamwagwa mara moja tu. Nikasubiri. Dakika 10. Dakika 20. Ile picha ya mega 2 ikaanza kuja, nikawa nimesimama, siwezi kukaa. Ikaingia yote. Ilikuwa picha ya pwani ya Nungwi, wakala anatuuliza kama huo ndio ufukwe ulio mbele ya hoteli yetu. Sisi tuko Malindi! Nikaifuta.

Lakini nyuma yake barua 19 zikapita kama samaki nyavu imechanika. Laini ikadumu dakika 43, nikaikata mwenyewe.

Nilirudia siku nne kwa kubadilishana, saa zilezile, faili lilelile, moja kwa V.90 na moja kwa V.34. Sikuwahi kuona V.90 ikishinda kwenye laini ile. Ikishinda dakika ya kwanza, hupoteza yote kwenye kujipanga upya. Nilipomweleza mzee wa Kikwajuni hakushangaa hata kidogo, akasema watu wa zamani walipopigiana simu na laini ina kelele, walizungumza polepole, hawakuzungumza upesi zaidi.

Nikaongeza S10=50. Modemu ikipoteza sauti ya mwenziwe, kwa kawaida husubiri kama sekunde moja na nusu, halafu inakata. S10 huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa hivyo 50 ni sekunde tano. Mkwaruzo mkubwa ukipita katikati, modemu inavumilia, inamsubiri mwenziwe arudi. Ilitusaidia kwa mikwaruzo, lakini kwa Bi Mkubwa haikufua dafu.

Maana sasa tulikuwa kwenye laini ya Bi Mkubwa, na simu yake ilikuwa imeungwa sambamba na waya wetu. Akiinua mkono wa simu kumpigia dada yake wa Bububu, masikioni anapigwa na kile kilio cha modemu, na sisi huku chini tunakatika. Siku ya kwanza aliita kutoka juu kwamba kwenye simu kuna majini wanalia. Siku ya pili alijua ni mimi, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko majini. Dawa haikuwa amri ya AT. Ilikuwa kofia ya ami. Nikiingia intaneti nampelekea kofia, anaitundika juu ya mkono wa simu. Kofia ikiwa juu ya simu, simu haiguswi. Nikimaliza napanda ngazi naichukua. Utaratibu ule haukuwahi kukwama hata mara moja, isipokuwa siku za Ijumaa, ami anapoitaka kofia yake.

Waya nao ulikuwa na yake. Mzee alikuja siku moja na bisibisi na wembe, akaufuata waya kutoka boksi la nje mpaka soketi, akiupitisha vidoleni kama anayehesabu tasbihi. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe na chokaa, na kuta zake hunyonya unyevu. Pwani nayo inaongeza chumvi. Alifika nyuma ya tangi la maji, akasimama. Hapo paliungwa waya miaka ya nyuma, zikapotolewa ncha mbili na kufungwa tepu nyeusi. Alipoikata tepu, shaba ndani ilikuwa kijani. Akakata mpaka pakatokea nyekundu, akaunga upya, na akausogeza waya usipite tena nyuma ya tangi wala ubavuni mwa waya wa umeme wa friji. Ule mvumo wa chini ya ukimya ulikuwa ni friji. Baada ya hapo V.34 ikawa inatupa 33,600 siku nyingi, na 28,800 siku za mvua. Masika yakianza nilikuwa nikiweza kukisia hali ya anga kwa kutizama mwendo wa kuunganishwa.

Nakiri nilidhani, kwa kuwa waya umepona, sasa V.90 itafaa. Nikaifungua. Ilidumu dakika 15 badala ya nne. Nikaifunga tena.

Mengine niliyoyajaribu yalikuwa madogo au bure. Kwenye mipangilio ya kuunganisha niliondoa alama ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi, na nikafuta lugha nyengine za mtandao nikaiacha TCP/IP peke yake, kwa sababu kompyuta ilikuwa ikipoteza muda kila inapopiga kutafuta seva ambazo hazipo. Hapo tuliokoa sekunde kadhaa kwa kila simu, na sekunde za simu ni pesa. Ukubwa wa pakiti, yaani kifurushi kimoja cha data, baiti 1500 au 576, niliubadilisha mara nyingi kwa sababu kila mtu alikuwa akiusifu. Kwa barua sikuona tofauti. Programu za bure zilizoahidi kuongeza spidi niliweka mbili. Moja ilileta virusi, nyengine ilileta matangazo. Nikaweka kanuni kwenye programu ya barua: chochote kinachozidi kilobaiti 300 kisipakuliwe mpaka nikiamue mwenyewe. Hiyo ilitufaa kuliko nusu ya amri nilizojifunza, na haina uhusiano wowote na modemu.

Kuna kitu pia ambacho hakuna kisanduku cha kukirekebisha. Kurasa za tovuti zilikuwa zinasita kabla ya kuanza, hata laini ikiwa safi. Wakati ule bado mkonga wa baharini haujatufikia. Ule wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Sisi tulikuwa tukitegemea satelaiti, na satelaiti ya mawasiliano ya aina ile inakaa juu ya ikweta kiasi cha kilomita 36,000. Ombi linapanda, linashuka, jibu linapanda, linashuka. Nusu sekunde imekwisha kabla modemu yetu haijahesabiwa. Nilipoteza wiki mbili za ujana wangu nikijaribu kuisahihisha nusu sekunde ile kwa amri, mpaka nilipokaa nikapiga hesabu ya umbali.

Mwisho wa mwezi ami akaniita tena, daftari limefunguliwa.

"Kompyuta imeharibika?"

"Hapana, ami. Kwa nini?"

"Haipigi simu. Tizama: jana mara moja, juzi mara moja."

Nikamwambia anapiga mara moja kwa sababu anamaliza mazungumzo yake. Ami akafikiri. Akachukua kalamu, pembeni ya safu akaandika neno moja, nami nikasoma kichini chini: "Kaelimika." Sikujua kama alikusudia kompyuta au mimi.

Amri zile tatu nikaziandika kwenye kipande cha boksi la modemu, nikakibandika ndani ya mlango wa kasha la kompyuta kwa tepu: X3 S10=50 +MS=V34. Nilidhani nimemaliza kazi ya maisha. Vuli ikaja. Usiku mmoja radi ilipiga upande wa bandarini. Ami, kwa tahadhari, alishaamka akachomoa kompyuta kwenye umeme, na alinihadithia kwa fahari asubuhi yake. Waya wa simu hakuuchomoa, wala mimi sikuwahi kumwambia auchomoe. Radi ilipita kwenye simu. Kompyuta iliwaka vizuri, modemu ikawa na doa jeusi kwenye chipu ndogo karibu na soketi, na harufu ya plastiki.

Tukanunua nyengine Darajani. Boksi jipya, 56K ileile kwa herufi kubwa zaidi. Nikaandika amri zangu kutoka kwenye kile kipande cha boksi, ikajibu kosa. Chipu hii ilikuwa ya Lucent, na kwa modemu yangu hiyo +MS lilikuwa neno la kigeni. Nami nikabaki na lile tatizo la mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba: amri ninayoitaka iko kwenye intaneti, na intaneti haidumu mpaka niipate amri. Nikachukua karatasi, nikaenda kafe moja ya Mkunazini, nikalipia saa nzima na kutumia dakika 40 kutafuta herufi sita: -V90, halafu alama ya sawasawa, halafu sifuri.

Niliporudi, ami alikuwa ameshaandika tarehe ya siku hiyo. Kwenye safu ya Kompyuta, mahali pa dakika, aliweka: "Yuko hospitali." Nikaichomeka amri mpya, nikapanda ngazi na kofia, nikashuka, nikapiga. Salamu moja. Ami akaifuta ile, kwa mstari mmoja, akaandika juu yake saa na dakika.